Je, Wajua? Tukunare Uliyemnasa Ni wa Spishi Gani?

Je, wajua kwamba tukunare, samaki mkali wa mito ya Amazon na Orinoco, ni jamaa ya sato na perege wetu? Wote ni wa familia ya Cichlidae. Tofauti ni kwamba tukunare huwinda samaki wenzake, na akishika ndoana hupambana vikali. Ndiyo maana wavuvi wa mshipi hutoka mbali kumfuata huko Brazili.

Je, wajua kwamba lile doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu, linalofanana na jicho pale mkia unapoanzia, halitakusaidia kutambua spishi yake? Spishi zote za jenasi yake, Cichla, zinalo.

Wajua ziko ngapi? Mwaka 2006 wanasayansi Sven Kullander na Efrem Ferreira walitaja spishi 15, na 9 kati yake zilikuwa hazijawahi kuelezwa na mwanasayansi yeyote. Mwaka 2012 watafiti wa vinasaba wakazipunguza hadi 8. Mwaka 2020 ikatangazwa nyingine, Cichla cataractae, kutoka Guyana.

Je, wajua kwamba rangi imewapotosha hata wataalamu? Kwa miaka mingi kwenye Mto Negro palisemekana pana samaki wawili: mmoja mweusi mwenye safu za madoa meupe ubavuni, aitwaye paca, na mwingine wa kijani-dhahabu mwenye mistari mitatu mipana, aitwaye açu. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 ulilinganisha maumbile, vinasaba na hali ya mayai na mbegu zao. Wote wawili ni Cichla temensis! Nje ya msimu wa kuzaa huvaa madoa. Msimu ukikaribia, madoa hufifia na mistari hukolea. Kati ya hali hizo mbili utawakuta walio nusu hivi, nusu vile, na hao ndio huitwa chotara kwa haraka kupita wote, ilhali ni samaki halisi wanaobadili vazi. Nundu ya utosini nayo si alama ya spishi: huwaota madume wakati wa kuzaa.

Basi tazama wapi? Anza nyuma ya jicho. Temensis aliyekomaa ana mabaka meusi kwenye kifuniko cha mashavu; Cichla monoculus hana, ila ana mistari mitatu mifupi na mabaka yasiyo na mpangilio karibu na tumbo. Cichla orinocensis, badala ya mistari, ana madoa matatu makubwa yenye ukingo ubavuni. Magamba ya temensis ni madogo, hivyo ni mengi zaidi. Na usisahau kuandika jina la mto, kwa kuwa spishi nyingi zina mito yake.

Je, wajua kwamba machotara wa kweli wapo? Kwenye mabwawa ya Mto Paraná, binadamu alipeleka Cichla kelberi wa manjano na Cichla piquiti wa buluu mwenye mistari mitano, wote kutoka mito ya Tocantins na Araguaia. Huko ugenini wamezaana. Kwetu pia sato, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, amechanganya damu na ngege wa asili, jambo linalostahili kutuhangaisha zaidi kuliko linavyotuhangaisha sasa.

Je, wajua kwamba hata kipimo cha vinasaba chaweza kudanganya? Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Chotara mwenye mama monoculus atasomeka monoculus mtupu, mpaka vipimwe na vile vya kwenye kiini cha seli, ambako baba naye ameacha alama yake.

Ukimnasa, mpige picha ubavuni mapezi yakiwa yametanuka, kisha mrudishe majini upesi. Dume na jike hulinda vifaranga pamoja, na wezi wa vifaranga hao hawangoji.