Kokwa za Maembe: Chakula cha Kuku Tunachokitupa



Anayefika Mkongo, wilayani Rufiji, msimu wa maembe kati ya Novemba na Januari, hukuta kokwa zimezagaa kila mahali, na nzi juu yake. Wakati huo huo kuku wa nyumbani wanasubiri pumba na mahindi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoharibu mashamba ya bonde la Rufiji, swali lilikuwa zito: debe la mahindi lililobaki ni la watoto au la kuku?

Ndani ya ganda gumu la kokwa kuna kiini chenye wanga mwingi na mafuta, na protini inayokaribia ile ya mahindi. Tatizo ni tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni. Tanini hushikamana na protini tumboni, hivyo kuku hula lakini hafaidiki. Nakiri kwamba mwaka wa kwanza niliwatwangia kuku wangu viini vibichi. Walidonoa kidogo, wakaacha, na mayai yakapungua. Mama watoto hajaacha kunikumbusha.

Dawa yake ni maji na moto. Osheni kokwa, zianikeni juani hadi ganda likauke, kisha lipasueni kwa nyundo au panga mtoe kiini. Kikateni vipande vidogo, mviloweke usiku kucha, na asubuhi mmwage maji yale mbali na mifugo. Chemsheni kwa nusu saa hivi, mwageni maji tena, halafu mwanike juu ya turubai hadi vipande vivunjike kwa mkono. Hapo twangeni au sageni.

Msiharakishe kuanika. Kiini chenye unyevu huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Vipande vyeusi au vyenye harufu vitupwe. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wake huchacha haraka. Sageni wa wiki chache tu.

Anzeni na sehemu moja kwa kumi ya chakula, mkiwaangalia kuku. Unga huu unashika nafasi ya mahindi, si ya dagaa wala mashudu. Anayeuona kuwa chakula kamili atapata kuku waliodumaa.

Wafugaji wa ng'ombe, ambao wengi walifika Rufiji baada ya kuondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, wanalo jambo lao. Ng'ombe akila maganda ya mgunga, mbegu nyingi hutoka nzima kwenye kinyesi kwa ugumu wake. Zikitwangwa kwanza, protini yake hubaki kwa mnyama. Ni kazi ya kinu, lakini ng'ombe aliyeshiba kiangazi haingii kwa urahisi katika shamba la jirani.

Gharama kubwa kwa kikundi ni turubai, sufuria kubwa na kuni. Kamati zinazotaka kujaribu zipange mahali pa kukusanyia kokwa kabla ya Novemba.