Waya Mmoja Unavyoweza Kuzima Mtandao wa Jengo Zima

Mkazi anayefika kulipia kibali cha biashara au kuchukua matokeo ya maabara na kuambiwa "sistimu iko chini" mara nyingi hudhani kwamba intaneti imekatika au stima imepotea. Kuna chanzo kingine kisichotajwa sana, nacho huanzia ndani ya jengo lenyewe: waya mmoja uliochomekwa mahali pasipofaa. Mafundi wa mitandao hukiita kitanzi.

Katika afisi, shule au hospitali, tarakilishi, printa na simu za mezani huunganishwa kwa nyaya hadi kwenye swichi. Hii si ile ya taa ukutani, ingawa jina ni moja. Ni kisanduku chenye matundu mengi kinachopokea ujumbe kupitia tundu moja na kuupeleka kwenye tundu la anayehusika. Ujumbe mwingine huwa ni tangazo kwa wote, kwa mfano tarakilishi inapoitafuta printa. Tangazo kama hilo swichi hulituma kupitia matundu yote isipokuwa lile lililolileta.

Tuseme karani anakuta ncha ya waya inaning'inia, na kwa nia njema anaichomeka ukutani, asijue kwamba ncha ya pili imekwisha kuunganishwa na swichi ile ile. Tangazo linalotoka upande mmoja hurudi upande wa pili, swichi ikadhani ni jipya, ikalituma tena. Ujumbe unaosafiri kwenye intaneti hubeba hesabu inayopungua katika kila hatua, na ikifika sufuri ujumbe hutupwa. Kwenye swichi hakuna hesabu hiyo. Tangazo huzunguka bila kikomo, likimwaga nakala kwa kila mashine, na baada ya sekunde chache hakuna nafasi ya kazi nyingine. Simu nyingi za mezani za mtandao nazo zina matundu mawili, moja la ukutani na jingine la tarakilishi. Yote mawili yakiunganishwa ukutani, kitanzi kimepatikana.

Ajabu ni kwamba vitanzi vingine huwekwa makusudi. Majengo mawili yakiunganishwa kwa nyaya mbili, mchimba mtaro akikata mmoja, kazi huendelea kupitia wa pili. Mnamo 1985, Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment nchini Marekani, alibuni kanuni ya kutatua mgongano huo. Kanuni hiyo, STP, ingali inatumika. Swichi huchagua moja kati yao kuwa shina, kila nyingine hutafuta njia fupi ya kulifikia, na njia za ziada hufungwa. Njia kuu ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa. Zamani kusubiri huko kuliweza kufika sekunde 50. Toleo la 2001 huhitaji sekunde chache tu.

Lakini STP haimwondolei mtu jukumu la kupanga. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa, matokeo ya maabara yakibebwa kwa mkono. Mtandao wake ulikuwa umeongezwa kipande kwa kipande hadi ukapita kiwango cha swichi saba mfululizo ambacho kanuni hiyo ilikusudiwa. Data nyingi za mtafiti mmoja zilipoujaza, swichi zikashindwa kuelewana na vitanzi vikafunguka.

Kwa hivyo, mtandao unaopanuka unahitaji mchoro ulio sahihi. Fundi pia anaweza kuagiza kila tundu la mezani lijifunge lenyewe swichi nyingine ikiunganishwa hapo, na kuweka kikomo cha matangazo. Swichi nyingi za bei nafuu zinazofichwa chini ya meza ili kuongeza matundu hazina kinga hizi, na akiba yake ni ya kujidanganya.

Mfanyakazi, mwalimu au mwenye saibakafe asichomeke waya asioujua mwisho wake. Mtandao ukizimika ghafla huku taa za swichi zikimetameta zote kwa kasi, uchomolewe kwanza waya uliounganishwa mwisho, kisha fundi aelezwe ulikuwa umechomekwa tundu gani. Kuzima na kuwasha swichi pekee hakusaidii. Kitanzi kikiwa bado kipo, dhoruba hurudi.