Likizo ya Uzazi Ikiisha, Kunyonyesha Kusiishe

  Leo tunazungumza na akina mama wanaofanya kazi katika viwanda vya EPZ hapa Athi River. Tunazungumza pia na wale wanaobaki na watoto nyumbani: nyanya, au susu kama wanavyomwita huku Ukambani, dada wa kazi, jirani anayelea watoto, na baba pia. Mada yetu ni hii: mama akirudi kazini, mtoto ataendelea vipi kupata maziwa ya mama?

Pengo la miezi mitatu

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Kliniki nayo inamwambia mama amnyonyeshe mtoto miezi 6 bila kumpa kitu kingine, hata maji. Ukitoa 3 kwenye 6, unabaki na miezi 3. Hapo ndipo taabu huanza. Mama anarudi kwenye cherehani, na mtoto wa miezi mitatu anaanzishiwa uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji.

Nchini Kenya tumepiga hatua. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009, watoto 32 tu kati ya 100 walio chini ya miezi 6 ndio waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60, yaani hatukusonga mbele. Wengi huachishwa miezi hii ya katikati, mama anapotoka kwenda kutafuta riziki.

Kwa nini tusiharakishe uji? Tumbo la mtoto wa miezi mitatu bado ni changa. Maji ya mtungi yasiyochemshwa, kikombe kisichooshwa vizuri au maziwa yaliyokaa tangu asubuhi humletea kuhara, na mtoto mdogo akihara hukaukiwa maji upesi sana. Tena uji unajaza tumbo bila kumpa kinga. Maziwa ya mama ni chakula, ni maji, na yana kinga ndani yake.

Maziwa hutengenezwa vipi?

Akina mama wengi husema, "Nilirudi kazini, maziwa yakakauka." Sababu ni kwamba titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa kutwa nzima, mwili huelewa kwamba maziwa hayahitajiki, ukapunguza. Kwa hivyo dawa ni kuyatoa: mtoto anyonye ukiwa naye, na ukamue mkiwa mbali.

Anza kujifunza kukamua wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Siku za kwanza utapata vijiko vichache tu. Usivunjike moyo, ni kawaida.

Namna ya kukamua kwa mkono

Nawa mikono kwa sabuni. Tayarisha kikombe cha chuma au cha glasi chenye mfuniko, kilichooshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yanayochemka. Keti mahali patulivu, ulipashe titi joto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha ulikande polepole.

Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini yake, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, halafu achilia. Rudia hivyo hivyo. Usiivute chuchu wala usiteleze vidole kwenye ngozi, utajiumiza. Maziwa yakipungua kutoka, baada ya dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, kisha urudi la kwanza. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30.

Yatawekwa wapi?

Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu nyumba za mabati hupata joto kali mchana. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 mahali penye baridi ya kawaida, joto lisizidi nyuzi 25. Yafunike, yaweke sakafuni ndani ya beseni la maji baridi, mbali na jiko na dirisha. Nyumba ikiwa na joto kuliko hapo, yasikae muda huo wote.

Mama anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni ataona kwamba saa 4 hazitoshi. Basi tafuta njia ya kuyapoza. Ukiwa na friji inayofanya kazi vizuri, maziwa hukaa hadi siku 4, lakini stima ikipoteapotea ni afadhali uyatumie kesho yake. Huna friji? Zungumza na jirani au mwenye duka akuwekee chombo kimoja chenye mfuniko, kilichoandikwa jina la mtoto na tarehe. Njia nyingine ni kibebeo cha barafu. Chombo cha maziwa kikizungukwa na barafu ndani ya kibebeo kilichofungwa vizuri, maziwa hukaa hadi saa 24. Yaliyokamuliwa kwanza yatumiwe kwanza.

Kwa anayebaki na mtoto

Nyanya, dada, sikilizeni hapa. Msiyachemshe maziwa ya mama. Wekeni chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi mpaka ubaridi upungue. Mafuta yakijitenga juu, hayajaharibika. Yazungusheni taratibu tu.

Mlisheni mtoto kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kwa sababu chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha. Mkalishe wima mapajani. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yafike tu midomoni, naye atayaramba mwenyewe. Usimmiminie kinywani, atapaliwa. Mlo mmoja ni kama robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Akishaanza kunywa, yatakayobaki yatumiwe ndani ya saa 2, kisha yamwagwe. Ndiyo maana ni vizuri kupimia kidogo kidogo.

Ukiwa kiwandani

Kamua angalau mara mbili: wakati wa chai na wakati wa chakula cha mchana. Hata kama huna pa kuyaweka, kamua tu, ili titi lisivimbe na maziwa yasipungue.

Tena ujue haki yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye pa kunawia mikono, friji au kifaa kingine cha kupozea, meza na viti. Sheria inasema chumba hicho kisiwe chooni. Mama anapewa pia nafasi ya kunyonyesha au kukamua mbali na muda wa chakula, jumla isizidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi. Mama mmoja akiuliza peke yake huenda akaogopa. Nendeni wawili watatu kwa supavaiza au ofisi ya wafanyakazi, au mpitie kwa kiongozi wa chama chenu. Ulizeni kwa heshima, na ikiwezekana mulize kabla ya kwenda likizo.

Usiku na siku za mapumziko

Mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu unapoingia nyumbani. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, kwa sababu mwili hutengeneza maziwa vizuri zaidi usiku. Siku ya mapumziko weka kikombe kando, anyonye titi tu. Nawe mama, kula vizuri: githeri au muthokoi, ndengu, sukuma wiki, matunda, na maji ya kutosha. Baba, ukimwona mama amechoka, chukua vyombo uoshe. Kufanya hivyo ni kumlisha mtoto pia.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi pia hunyonyesha, mradi anatumia dawa zake kila siku na anafuata ushauri wa kliniki. Kwake, kuchanganya maziwa ya mama na uji au maziwa mengine kabla ya miezi 6 si salama.

Lini uende hospitali?

Titi likiwa jekundu, gumu, lenye maumivu, nawe ukapata homa, endelea kukamua na uende kliniki siku hiyo hiyo. Mpeleke mtoto bila kungoja iwapo anahara, ana homa, anakataa kunyonya, ana usingizi usio wa kawaida, au anakojoa chini ya mara 6 kwa siku. Nenda katika hospitali ya Athi River au kituo kilicho karibu nawe, na uchukue kitabu chake cha kliniki.

Ya kukumbuka

Anza kukamua wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Mikono na chombo viwe safi. Maziwa yasiyo kwenye baridi yasipite saa 4. Tumia kikombe, si chupa. Kamua kazini, nyonyesha usiku. Mtoto akitimiza miezi 6, aanze uji mzito na vyakula laini, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mwambie na jirani yako ambaye likizo yake inakaribia kuisha.