Maziwa hayafuti sumu: kweli na uongo kuhusu uchafuzi wa Gusii

Pale Daraja Mbili, soko kubwa la mjini Kisii, neno moja hubeba mizigo miwili. Mama akimnunulia mtoto vidonge vya malaria, amenunua dawa. Mumewe akivuka barabara hadi agroveti kuchukua kichupa cha kuua viwavi kwenye sukumawiki, naye amenunua dawa. Neno hilo limetuondolea hofu tuliyopaswa kuwa nayo. Hebu tuyapime yale tunayoambiana shambani, jikoni na kisimani.

“Ukimaliza kupuliza, kunywa maziwa. Yatasafisha.”

Uongo, na ndio uongo sugu kuliko wote. Mkulima hubeba pampu mgongoni bila glavu wala barakoa, dawa ikamvujia hadi shati likashikana na ngozi, kisha akaketi kivulini na kikombe cha maziwa akiamini mambo yamekwisha. Lakini sumu haikupitia mdomoni. Dawa nyingi za wadudu, hasa zile za jamii ya oganofosfati, hupenya ngozi na huvutwa pamoja na pumzi. Zikifika kwenye damu, huzuia kimeng’enya kinachotuliza neva. Ndiyo maana aliyedhurika hutokwa na mate na jasho, mboni za macho zikasinyaa, misuli ikatetemeka, na hali ikizidi pumzi ikakatika. Maziwa yamekaa tumboni. Yataifuata wapi sumu iliyo kwenye damu?

Linalosaidia halina utamu wa maziwa: vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni na maji mengi, na ukienda hospitali beba chupa yenyewe, kwa sababu daktari hutibu kulingana na kilichoandikwa kwenye lebo. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Na kabla ya yote hayo, utazame ukanda wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye makali madogo. Hata ya kijani si sharubati.

“Mboga ukiiosha vizuri, dawa inatoka.”

Nusu kweli. Maji hupunguza iliyobaki juu ya jani. Lakini zipo dawa zilizotengenezwa ili mmea uzinywe, zisambae ndani hadi kwenye shina, na hizo hata ukisugua jani mpaka lichanike hazitoki. Dawa yake ni siku. Kila lebo inataja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na hapo ndipo uaminifu wetu huyumba, kwa sababu nyanya inaiva leo na karo ya shule inadaiwa leo. Anayepuliza Jumatatu akavuna Jumatano anamuuzia jirani yake kilekile asichothubutu kukipika kwake. Nimesikia wakulima wakikiri kwamba wana kitalu cha soko na kitalu cha nyumbani. Siwezi kuwacheka. Kuwa na vitalu viwili ni ushahidi kwamba ukweli wanaujua.

Kwa upande mwingine, wanaosema chai yetu nayo imejaa sumu ya wadudu wanakosea. Majani chai ya nyanda za juu za Kenya kwa kawaida hayapulizwi dawa za wadudu. Baridi na mwinuko huwazuia wengi wa wadudu hao. Kunywa chai yako.

“Maji ya chemchemi ni maangavu, tena tunayachemsha.”

Hapa uongo na ukweli vimekunywa kikombe kimoja. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na anayechemsha asiache. Ila moto hauondoi mbolea wala dawa ya shamba wala madini ya risasi. Nitrati, kwa mfano, hubaki kwenye sufuria huku maji yakipungua kwa mvuke, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unaikoleza. Mtoto wa chini ya miezi sita anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya aina hiyo anaweza kukosa oksijeni kwenye damu.

Zinatoka wapi hizo nitrati? Angalia ramani ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika vilima ambako shamba hugawanywa kila baba anaporithisha wanawe. Matokeo ni robo ekari yenye nyumba, choo cha shimo, zizi, kitalu cha mboga na kisima, vyote vikiwa vimepumuliana. Mvua za huku ni nyingi na ardhi ni ya mteremko. Choo cha jirani wa juu kinaingia kwa jirani wa chini bila kubisha hodi. Mjini nako, mto Nyakomisaro hupokea uchafu wa barabara, gereji na majitaka, na maji hayo hatimaye huishia Ziwa Victoria, ambako samaki tunayemla pia hutoka.

“Plastiki ukiichoma, umeimaliza.”

Uongo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, lakini chupa, viatu vikuukuu, nyaya na karatasi za nailoni bado zipo, na jioni huchomwa nyuma ya nyumba. Moto wa takataka hauna joto la kutosha kuzivunja kabisa. Hutoa daioksini, sumu isiyooza upesi, ambayo hupenda mafuta. Hutua kwenye nyasi za nepia. Ng’ombe hula nepia. Sumu hukaa kwenye mafuta ya maziwa. Ni yale maziwa yetu ya kusafisha.

“Makaa yakishashika vizuri, hayana moshi, ingiza ndani.”

Uongo huu unaua usiku huohuo. Keroka na Nyansiongo hupiga baridi, na jiko jekundu huvutia kuliko blanketi. Makaa yasiyo na moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala huzidi kulala. Kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba mara moja si malaria. Fungua mlango, watoe nje.

“Jiwe la Tabaka ni sumu.”

Si jiwe la sabuni lenyewe, ni vumbi lake. Mchongaji anayelivuta miaka nenda miaka rudi huumiza mapafu. Wanaopiga msasa jiwe likiwa ndani ya maji, kama wanawake wengi wa Tabaka wafanyavyo, wanafanya jambo sahihi kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Hatari ni kwenye kukata na kupasua pakavu, tena zaidi kwa mashine ya umeme ndani ya chumba kilichofungwa.

“Huwezi kushtaki mpaka uwe mgonjwa.”

Uongo mwingine, na huu hutunyamazisha. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliingiza madini ya risasi kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Wengi husimulia kesi ile kama hadithi ya watu waliosubiri kuugua ndipo wakasikizwa.

Katiba haikuweka sharti hilo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kuthibitisha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au aliyeumia.