Nyumba Ipendeze Bila Kuuza Mahindi

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya kuta za nyumba zetu. Wengi wetu tunadhani kwamba nyumba ya udongo haipambiki mpaka uwe na hela ya saruji na rangi ya dukani. Sivyo. Rangi tunazikanyaga kila siku tukienda kisimani.

Tulianza kulifikiri jambo hili nyumbani kwa mama mmoja, katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, na sasa barua za wanawe anazisoma mwenyewe. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, vyumba vitatu, bati juu. Mwaka uliotangulia aliuza mbuzi wawili akanunua saruji, fundi akapiga lipu ukuta wa mbele. Ulipendeza kweli. Ikaja masika. Lipu ikatoa nyufa, ikavimba, ikaanguka mapande mapande kama ukoko wa ugali. Tulipofika sisi, mama alikuwa anataka kuuza magunia mawili ya mahindi anunue rangi ya mafuta, ya kijani, kama ya nyumba ya mwenye duka. Mumewe hataki hata kusikia. Ati wakatuambia sisi tuamue!

Sisi si baraza la usuluhishi. Lakini tulikaa hapo siku kadhaa, tukashika udongo pamoja nao. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, kwa nini lipu ilianguka? Tofali bichi hunywa maji na kuvimba kidogo, likikauka linanywea. Saruji ni ngumu, haiwezi kufuata mwendo huo. Basi inapasuka. Maji yanapita kwenye ufa, yanakwama nyuma ya lipu, na udongo ulioko ndani unalainika kama uji. Rangi ya mafuta nayo huziba ukuta usipumue, halafu hubabuka. Kwa hiyo magunia yale mawili yangefuata njia ile ile ya mbuzi. Ukuta wa udongo unapatana na udongo mwenzake, au na chokaa.

Kabla ya kupamba, tazama maji. Je, maji ya bati yanaanguka wapi? Kama yanarukia ukutani, rangi yoyote utakayopaka ni kazi bure. Chimba mfereji wa kuyaondoa, au jenga kibaraza kwa mawe na udongo ulioshindiliwa. Kwa mama yule tulichimba mfereji siku nzima, na majirani walitucheka: "Wageni wamekuja kupamba nyumba, mbona wanalima?"

Udongo wa kusiriba

Chukua udongo kutoka chini, siyo ule wa juu wenye mizizi na mboji. Tia kwenye chupa nyeupe mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho yake. Mchanga utatangulia kukaa chini, na udongo laini wa mfinyanzi utakaa juu. Hapo utaona kwa macho yako kipi ni kingi. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka. Mchanga ukizidi, utapukutika ukipitisha mkono.

Anza na ndoo moja ya mfinyanzi kwa ndoo mbili za mchanga uliochekechwa. Ongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe, kama nusu ndoo. Nyuzi za majani zilizomo ndani yake huushika udongo usipasuke. Kanyaga vizuri, funika, ulaze mpaka kesho. Halafu usikimbilie ukuta wa mbele! Paka viraka vitatu nyuma ya nyumba, kila kimoja na kipimo chake: kimoja mchanga ndoo mbili, kingine mbili na nusu, kingine tatu. Andika kipimo juu ya kila kiraka kwa mkaa. Subiri vikauke kabisa. Kwa mama yule kiraka cha kwanza kilipasuka, cha tatu kilipukutika, cha katikati kilikaa. Kwenu huenda ikawa vingine, maana udongo haufanani.

Lowesha ukuta kabla ya kusiriba, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya na kuufanya ubanduke. Ziba kila ufa. Hapa hatusemi urembo tu. Nyufa ni makao ya kunguni, na katika sehemu nyingi za nchi yetu ni makao ya papasi, wanaoleta homa ya papasi. Sakafu ya vumbi nayo hulea funza. Wazee wetu wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 walizungumza mambo ya namna hii katika vikundi vya redio.

Rangi za bure na rangi za chokaa

Sasa rangi. Udongo mwekundu una kutu ya chuma ndani yake, ndiyo maana rangi yake haichujuki kwa jua. Upo udongo wa manjano, upo wa kijivu, na mahali pengine mweupe kabisa, kama ule wa Pugu karibu na Dar es Salaam. Tuma watoto waulete, wanajua ulipo kuliko sisi. Utwange, uchekeche kwa kitambaa chepesi, uloweke. Ili usiachie vumbi kwenye nguo, changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa ukaiva: kopo moja la uji kwa makopo matatu ya udongo ulioloweshwa. Unga wenyewe ni kidogo tu, lakini kama ni miezi ya njaa, ngoja mavuno. Rangi hii ni ya ndani, kwani mvua huiosha.

Rangi nyeusi hupatikana kwa masizi au mkaa uliosagwa. Tunajua wako wanaopasua betri kuukuu za redio na tochi wapate ule unga mweusi. Tafadhali tusifanye hivyo. Ule unga una madini yenye sumu, na mtoto anayetambaa hushika ukuta kisha anatia kidole mdomoni.

Kwa ukuta wa nje, na kwa chumba chenye giza, hakuna kama chokaa. Nunua chokaa ya ujenzi iliyokwisha kuzimwa, ya unga. Tia maji kwanza kwenye ndoo, kisha mimina chokaa ndani ya maji, koroga mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ongeza gao moja la chumvi. Lowesha ukuta, paka kwa burashi ya katani. Mara ya kwanza utadhani umepaka maji matupu, mama yule nusura arudishe chokaa dukani. Ngoja ikauke, ndipo inang'aa. Huvuta hewa na kugeuka jiwe polepole, kwa hiyo paka mikono mitatu myembamba, kila mmoja siku yake. Ukipaka mzito utabanduka. Ukitaka samawati, tia buluu ya kufulia nguo kwenye chokaa.

Lakini chokaa inaunguza! Funika mikono kwa mifuko ya plastiki, funga kitambaa, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila kuacha, robo saa nzima au zaidi, halafu nenda zahanati hata kama maumivu yametulia.

Nyumba ifanane na wenyewe

Hapa ndipo tulipobishana sana. Mama bado anataka kijani cha mwenye duka. Tukamwuliza, "Mama, wewe mwenyewe unapenda nini?" Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa. Kisha akaingia ndani akatoa mkeka aliousuka zamani, ukili mweupe na mistari ya zambarau na nyekundu. Mumewe akasema, "Kumbe jibu tunalilalia kila siku!"

Kupamba kuta si jambo la kuiga mjini. Huku Usukuma wacheza nyoka walikuwa wakichora nyoka na watu kwenye kuta za ndani kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Pwani, nyumba za zamani zina zidaka ukutani za kuweka sahani na vyombo vizuri. Kule Rwanda, upande wa mashariki, akina mama hufinyanga michoro iitwayo imigongo kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kisha huipaka rangi. Kila mahali watu walianza na kitu walicho nacho mlangoni.

Basi tazameni vitu vyenu mnavyovipenda: mkeka, kikapu, kanga iliyobaki nzima. Chagueni rangi mbili au tatu humo, siyo saba. Jaribuni kwanza kwenye ukuta wa banda la kuku, mkautazame asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa rangi hubadilika na jua. Sehemu ya chini, kama urefu wa goti, pakeni rangi nyeusi au nyekundu. Kuku, matope na miguu ya watoto havitaonekana sana.

Kanga kuukuu hutosha pazia. Magazeti ukutani hatuyapendi sana, maana mende hujificha nyuma yake. Hata hivyo tulikuta gazeti letu wenyewe limebandikwa juu ya kitanda cha mzee mmoja, usawa wa macho, naye akatusomea ukurasa mzima bila kukosea. Tukanyamaza.

Kwa mama yule, ukuta wa mbele sasa ni mweupe, chini mwekundu, na katikati kuna mistari ya pembepembe kama ya mkeka wake. Alinunua chokaa mfuko mmoja, chumvi pakiti moja. Mahindi yako ghalani. Mumewe ndiye aliyechora mistari, kwa kamba na mkaa, na mmoja umepinda karibu na mlango. Mama hataki kuunyosha. Anasema huo ndio utakaowaonyesha watu kwamba nyumba ni yao. Ukuta wa jikoni bado. Wataufanya mvua zikikatika.