Nani Ameshika Kalamu?

Nchini Uingereza, nyumba zinazotazama televisheni hulipa ada ya leseni inayoiendesha BBC. Mwaka 2020 shirika hilo lilitangaza kutenga pauni milioni 100 kwa miaka mitatu kwa ajili ya vipindi vya watu wa asili na hali mbalimbali. Kisha, kuanzia Aprili 2021, likaagiza kwamba katika vipindi vipya asilimia 20 ya wanaofanya kazi nyuma ya kamera watoke kwenye makundi yaliyoachwa pembeni: watu wa jamii za wachache, wenye ulemavu, na waliokulia katika familia za kipato cha chini. Wapinzani wanasema fedha za umma zinunue ubora, si hesabu ya rangi. Hoja hiyo ni nzito, maana tamthilia mbovu haimheshimu mtu, hata yule inayodai kumwakilisha.

Lakini ubora wenyewe hutoka wapi? Chukua Lovers Rock, moja ya filamu tano za Small Axe alizoongoza Steve McQueen kwa BBC, zilizotoka mwaka 2020. Vijana weusi wa London wanacheza muziki katika sherehe ya sebuleni. Santuri inanyamaza, nao wanaendelea kuimba kwa sauti zao tupu, miguu ikisugua sakafu, dakika baada ya dakika. Sherehe hizo zilifanyika majumbani kwa sababu kumbi nyingi za mjini hazikuwataka. Uvumilivu wa kuiacha kamera pale hutoka kwa anayejua uzito wa usiku ule. McQueen aliandika na Courttia Newland, na wote wawili wana asili ya Karibiani.

Mpinzani makini atajibu kwamba kazi hiyo iliagizwa kabla ya sharti la asilimia 20. Ni kweli, na hapo ndipo pa kujifunza. Tazama pia mwandishi Michaela Coel: alizikataa dola milioni 1 za Netflix kwa ajili ya tamthilia yake I May Destroy You kwa kuwa asingebakiwa na sehemu yoyote ya hakimiliki. BBC ilimwachia haki zake na uamuzi juu ya kazi yake, na mwaka 2021 akatwaa tuzo ya Emmy ya uandishi. Kilichozaa ubora ni mamlaka. Asilimia ya watu kazini haisemi ni nani kati yao anayeweza kufuta ukurasa wa muswada na kuuandika upya. Sharti libaki, ila hesabu yake ianzie kwa mwandishi, mwongozaji na anayeidhinisha bajeti.