Mgeni njoo Lukenya, jirani naye alale

Ijumaa jioni magari huanza kukata kona kutoka Barabara ya Mombasa, ukishapita mji wa Athi River, na kushika njia za vumbi zinazopanda kuelekea Lukenya. Ndani mna vijana wa Nairobi, familia zenye watoto, marafiki wanaokwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa. Nyumba wameilipia kwa simu: vyumba vinne vya kulala, bwawa la kuogelea, jiko la kuchomea nyama, na baraza pana inayotazama mbuga za Athi na Kapiti, ambako ukiamka mapema unaweza kuwaona twiga na pundamilia. Mwenye nyumba huenda yuko Nairobi, Doha au Dallas. Anayewafungulia geti ni mlinzi mwenye bunda la funguo na maagizo aliyopewa kwa simu.

Hatua chache kutoka geti hilo, ng'ambo ya ua wa michongoma, anaishi mtu aliyenunua ploti yake miaka iliyopita akitafuta utulivu. Hajui ni nani amelala kwa jirani usiku huu, na kelele zikianza hajui ampigie nani. Lukenya imepata biashara mpya kabla ya kupata kanuni za kuishi nayo, na naamini wenyeji wenyewe ndio wanaopaswa kuanza kuziandika.

Ni rahisi kuona kwa nini biashara hii imeshamiri. Lukenya iko yapata kilomita 40 kutoka katikati ya Nairobi, upande wa Mavoko, Kaunti ya Machakos. Wapanda miamba wamekuwa wakija kwenye mlima wa Lukenya kwa miongo mingi. Mashamba makubwa ya mifugo yaliyouzunguka yalikatwakatwa kuwa ploti, na waliokuwa wakitafuta mahali pa kustaafia wakajenga. Mwaka 2022, barabara ya juu ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Westlands hadi Mlolongo, ikafunguliwa na kumwondolea mtu wa Nairobi sehemu kubwa ya msongamano uliokuwa ukimkatisha tamaa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya uzeeni sasa huingiza kwa wikendi moja fedha ambazo mpangaji wa kawaida angelipa kwa wiki kadhaa.

Fedha hizo hazimfikii mwenye nyumba peke yake. Kuna mama anayefua shuka, kijana anayesafisha bwawa, mwenye bucha anayeuza mbuzi mzima Jumamosi asubuhi, wa bodaboda anayetumwa barafu na mkaa, na mwenye lori la maji. Anayetaka biashara hii ipigwe marufuku lazima kwanza aeleze hawa wote watakula nini.

Wengi hudhani kwamba nyumba hizi hazina sheria yoyote. Sheria ipo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inazitaja nyumba za likizo, fleti zenye huduma na nyumba za kupokea wageni katika orodha moja na hoteli, na inamtaka kila anayeendesha shughuli hiyo awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kuna pia ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mapato, unaolipwa kwa Hazina ya Utalii. Nyumba inayokodishwa kwa Sh15,000 kwa usiku inadaiwa Sh300. Kaunti nayo inataka leseni yake ya biashara, na idara yake ya mipango ina haki ya kuuliza kama ploti iliyoidhinishwa kwa makazi ya familia moja imebadilishiwa matumizi.

Sheria hizo zilikuwa zimelala hadi Januari 2024, damu ilipomwagika. Katika muda wa siku kumi hivi, wanawake wawili vijana waliuawa Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu, wote katika nyumba zilizokodishwa kwa muda mfupi. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya Wakenya waliandamana katika miji mbalimbali kupinga mauaji ya wanawake. Wizara ya Utalii ikaagiza nyumba zote za aina hiyo zisajiliwe. Lilikuwa agizo la haki. Mtu anayelaza watu kwa malipo ana wajibu wa kujua ni nani aliyeingia kwake na ni nani aliyetoka, na wajibu huo haupungui kwa sababu nyumba ina ua mzuri wa maua badala ya mapokezi ya hoteli.

Hata hivyo agizo la Nairobi linaishia mlangoni. Linaangalia usalama wa mgeni ndani ya nyumba, nalo linafanya vyema kuuangalia. Lakini halijui kisima cha Lukenya kina maji kiasi gani, wala shimo la maji taka limechimbwa umbali gani kutoka kwa jirani.

Tuchukue maji. Huku ni Ukambani, nchi ya ukame, na nyumba nyingi hutegemea visima, matangi na malori. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, itamaliza tangi la lita 10,000 kwa siku 20. Walete wageni 20 katika nyumba hiyohiyo, tangi litakauka kwa siku tano, hata kabla hujaongeza maji ya bwawa na ya kufulia shuka. Yote yaliyotoka kwenye tangi huingia shimoni. Shimo lililopimiwa watu watano sasa linapokea uchafu wa watu 20, na likifurika haliulizi mpaka wa ploti uko wapi.

Halafu kuna kelele. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba katika eneo la makazi mchana, na 35 tu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika desibeli 60 hivi ukiwa karibu nao. Kwenye mbuga tambarare, usiku mtulivu, hakuna majengo ya kuzuia sauti, na spika iliyowekwa kando ya bwawa husikika mbali sana. Sheria imo kitabuni, lakini saa saba usiku wa Jumamosi mwenye kipimo cha sauti hayuko Lukenya.

Hapa ndipo Kaunti ya Machakos inapoingia, na haihitaji ruhusa ya mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti utalii wa mashinani, leseni za biashara, udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma, mipango ya ardhi, huduma za maji na usafi, pamoja na uzimaji moto. Karibu kila jambo linalomkosesha jirani usingizi limo katika orodha hiyo.

Sheria ya Lukenya isinakiliwe kutoka ughaibuni. Jiji la New York, tangu Septemba 2023, linamtaka mwenye nyumba awepo mwenyewe mgeni anapolala kwa chini ya siku 30, na wageni wasizidi wawili. London imeweka kikomo cha usiku 90 kwa mwaka kwa anayekodisha nyumba nzima bila kibali cha mipango. Miji hiyo inahofia kwamba wakazi wake watakosa nyumba za kupanga. Lukenya inaumwa ugonjwa mwingine: maji, taka, kelele, na kutojua nani yuko wapi. Ukihesabu usiku pekee, utambana bure mstaafu anayepokea wanandoa watulivu mwaka mzima, na utamwacha anayekodisha wikendi chache kwa umati wa watu mia moja.

Sheria ndogo inayofaa hapa ingetosha kurasa chache. Kwanza, kila nyumba iwe na mtu wa karibu anayewajibika, ambaye jina na simu yake viko katika ofisi ya kaunti na kwa kamati ya mtaa, na ambaye anaweza kufika getini kwa nusu saa. Pili, idadi ya wageni ipangwe kwa uwezo wa tangi na shimo la maji taka, na iandikwe kwenye tangazo la nyumba. Atakayetaka kufanya harusi aombe kibali cha hafla. Tatu, muziki wa nje ukome saa ya kisheria. Nne, kila mgeni aandikwe pamoja na kitambulisho chake, asiandikwe yule aliyelipa peke yake, na daftari hilo lihifadhiwe kwa siri kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nakala za vitambulisho vya watu hazifai kuzagaa kwenye simu ya kila mlinzi anayebadilishana zamu. Tano, adhabu ipande kwa ngazi: onyo, kisha faini, kisha kufungiwa kwa muda.

Ada nayo iwe nafuu. Mwenye nyumba moja ya wageni akitakiwa kupanga foleni kwa mamlaka ya utalii, kwa hazina, kwa kaunti, kwa afya ya umma na kwa zimamoto, huku kila meza ikiwa na risiti yake, wengi watachagua kujificha. Anayejificha atatoa hongo, na anayepokea hongo hatauliza habari za shimo la maji taka wala za kizima moto. Kaunti huweka ada zake kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha. Hakuna kinachoizuia kuweka daraja la ada ndogo kwa nyumba yenye vyumba viwili au vitatu, na kukusanya vibali vyake vyote kwenye dirisha moja.

Wenye nyumba wasiione sheria kama hiyo kuwa uadui. Leo sherehe moja mbaya inaweza kuwafanya wakazi wa barabara nzima wafunge geti la mtaa kwa wageni wote. Mwenye kibali atakuwa na la kuonyesha: kwamba idadi yake inajulikana, msimamizi wake hupatikana, na hana deni la ushuru. Mgeni naye, hasa mwanamke anayefika peke yake usiku, atakuwa na namba ya mtu halisi aliye karibu.

Wakazi, kwa upande wao, wasikomee kwenye malalamiko ya makundi ya simu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Kamati za mitaa ya Lukenya zikae meza moja na wenye nyumba, walinzi, wauza maji na chifu, waandike rasimu, kisha wamkabidhi mwakilishi wadi wao. Wafanye hivyo kabla ya Desemba, nyumba zikiwa bado hazijajaa. Sheria iliyoandikwa kwa pamoja na watu wanaotumia kisima kimoja itatiiwa hata usiku ambao hakuna askari wa kaunti barabarani.